Sauti ya Mama kwenye Laini ya Bajaji

Mama alikataa kurekodi sauti yake mpaka apatikane mtu wa kumsalimia. Nilikuwa nimemwekea kinasa sauti mezani, nikamwomba aseme salamu kidogo tu, halafu amalizie na "Ukihitaji bajaji, bonyeza moja." Alikitazama kile kidude.

"Nisalimie meza?" akauliza.

Ikabidi baba aitwe kutoka zizini, akalishwe kwenye kigoda mbele yake. Hapo ndipo mama alipokaa sawa, akakunja viganja kidogo na kupiga makofi ya taratibu, kama tufanyavyo Waha tukimheshimu mtu, akasema mwakeye, salamu yetu ya Kiha, akauliza ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe na ya mvua. Kila alipouliza alinyamaza ili baba aitike. Baba, ambaye walishasalimiana naye asubuhi ile ile kitandani, aliitika yote bila kuruka hata moja. Mama ni mzaliwa wa Mabamba, kule Kibondo mpakani, na anaamini kwamba sisi tuliokulia Kasulu tunasalimiana kama watu wanaofukuzwa na polisi.

Nilirudi ofisini na salamu ndefu kama ibada. Nikaikata. Nikabakiza mwanzo na mwisho, katikati nikatupa ng'ombe na mvua.

Laini yenyewe ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa kanisa letu. Wana bajaji tatu za kubeba wajawazito na wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali ya mjini. Zamani, ukitaka bajaji ulimpigia mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti ni mama mwema, lakini simu yake ama haikuwa na chaji, ama ilikuwa inatumika, kwa sababu mtu wa kijiji cha Heru Juu alishampigia na walikuwa hawajamaliza kujuliana hali. Mwaka juzi mdogo wangu niliyemwachia ziwa, aliyeolewa Makere, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, akaipigia simu hiyo mpaka akakata tamaa. Wakampandisha bodaboda. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na mtoto hakufika hospitali akiwa hai.

Nilipopata habari kwamba amebeba mimba tena, nilimwendea mwenyekiti nikamwambia nitawatengenezea laini inayopokea watu wote kwa wakati mmoja, haina chaji ya kuisha wala haina usingizi. Nilimwambia kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyeleta mvua. Mama wa watu akanijibu tu, "Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki," na nikatoka pale nikiwa na hasira zaidi, maana sina ninachokichukia kama kumkaripia mtu halafu akanibariki.

Mwenzangu katika kazi hii ni Mkongo anayeishi kambi ya Nyarugusu na kuja mjini kwa kibali. Ni mtu mpole, shati lake limepigwa pasi siku zote, na ana imani mbili: Injili, na lugha moja ya kuandikia programu aliyojifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima. Katika lugha hiyo, programu nzima ni kazi ndogo ndogo: kila moja unaipa kitu, nayo inakurudishia kitu kipya, na ulichoipa kinabaki vile vile, hakuna anayekichezea. Jambo lililonivuta ni kwamba kila anayepiga simu anapewa mhudumu wake ndani ya mashine. Watu mia wakipiga, wahudumu mia wanazaliwa. Mmoja akianguka, wenzake hawana habari naye. Juu yao yupo msimamizi, ambaye kazi yake ni moja tu: akiona mhudumu amekufa, anamzalisha mwingine mahali pale pale, aanze upya.

Mimi nilizoea kuandika programu kwa wasiwasi. Kila mstari niliuwekea ulinzi: je, hiki kikikosekana, je, kile kikiharibika? Mwenzangu alikuwa akipita nyuma yangu anaufuta ulinzi wangu mmoja mmoja, kwa upole, kama anayetoa mawe kwenye maharage.

"Achia ikufe, dada," alikuwa akiniambia. "Msimamizi iko pale juu, anaangalia. Ikikufa, anaamusha ingine mupya. Bon, kazi inaendelea."

"Na mtu aliyeko kwenye simu?"

"Simu haikatike! Anasikia tu ile sauti inaanza tena. Ni kitu gani?"

Nilikubali. Tukaijaribu na vijana wa stendi. Wale hawana muda wa kuchezea. Mama kabla hajamaliza mwakeye walishabonyeza moja, na mmoja akasema, "Fresh, sista, iko fasta." Kwenye kioo cha kompyuta yetu kila kitu kilikuwa kijani. Tukawapa akina mama laini yao, tukasajili jina, namba na kijiji cha kila atakayeitumia, nami nikampigia mdogo wangu nikamfundisha: sikiliza, bonyeza moja, basi, dereva aliye karibu anapata taarifa palepale. Akarudia nyuma yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amebakiza wiki chache.

Kioo hakikubaki kijani. Siku za mwanzo tu nilianza kuona mistari myekundu, na kila mstari mwekundu ni mhudumu aliyekufa. Wanakufa, wanafufuka, wanakufa. Mwenzangu alikuwa akiiangalia ile mistari kwa furaha ya mkulima anayetazama mvua.

"Unaona? Inakufa, inaamuka. Voilà. Uzuri yake ni hapo."

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyelalamika. Bajaji zilikuwa zinakwenda, wagonjwa wanafika, ingawa madereva walisema wateja wanachelewa kidogo kuita. Tena tulisifiwa. Mama alikuwa akirudi sokoni amevimba kichwa, maana kila aliyekutana naye alimshukuru kwa salamu. Mzee mmoja alitoka Heru Juu hadi ofisini kwetu, chumba tulichopanga nyuma ya duka la vifaa vya shule, kuniambia kwamba mashine yangu ina adabu kuliko watoto wake wote. Nikamuuliza alikuwa amemwitia nani bajaji. Akasema hakumwitia mtu, wote wazima, alipiga kusalimia.

Hapo nikapanda bodaboda kwenda Heru Juu kujionea mwenyewe. Nilifikia kwa bibi mmoja, mwanachama wa zamani wa kikundi, nikamwomba apige laini mbele yangu kama vile ana mgonjwa. Bibi akaibonyeza simu yake ndogo, akaifungulia sauti kubwa, akasikia mama anasema mwakeye. Palepale akaiweka simu juu ya kigoda. Akarudi nyuma hatua, akainama, akakunja viganja, akaanza kupiga makofi.

Alipiga makofi kwa mikono miwili. Ningetegemea nini? Mtu hapigi makofi ya heshima kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu. Mama yangu kwenye kigoda akasema, "Ukihitaji bajaji, bonyeza moja," akanyamaza kusubiri. Bibi alikuwa bado yuko kwenye salamu. Alikuwa anamjibu ya nyumbani, kisha akamuuliza ya goti lake, maana anajua mama anasumbuliwa na goti. Muda ukapita. Ndani ya mashine, mhudumu aliyekuwa anasubiri kitufe hakupata kitufe, na sisi hatukuwa tumebakiza popote la kufanya mtu akikaa kimya, kwa kuwa mwenzangu alikuwa amelifuta. Mhudumu akafa. Msimamizi akamzalisha mwingine. Mama akasema mwakeye.

Bibi akanitazama kwa mshangao mwema, akainama tena, akaanza makofi upya.

"Bibi, bonyeza moja!" nikasema.

"Mama yako anasalimia."

"Ni mashine, bibi. Bonyeza tu."

"Ego, ndiyo, ni mashine, nimesikia. Sasa nimkatize mama yako katikati?" Akanitazama juu mpaka chini. "Huko mjini ndiyo mnafanya hivyo?"

Nilikaa chini kwenye majani nikawasikiliza hao wawili. Adabu imekutana na adabu, na hakuna upande uliokuwa tayari kuwa wa kwanza kuacha. Salamu ya tatu au ya nne bibi alichoka magoti, akaishika simu akabonyeza, akaniambia, "Mama yako hachoki." Nilirudi mjini nikiwa nimekasirika hata dereva wa bodaboda hakuthubutu kuniuliza habari.

Mwenzangu alipokisikia kisa hicho alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hii ni ushindi: mashine imeharibika mara zote hizo na watu wanadhani ni heshima. Nikamwambia mdogo wangu akianza uchungu sitaki aheshimiwe, nataka abebwe. Akaacha kucheka. Lakini tulikubaliana tusubiri wiki ipite, ndipo tutengeneze kwa utulivu.

Jumapili mchungaji akaharibu utulivu wetu. Alitangaza laini hiyo mbele ya kanisa zima, akaisifu, akawaomba waumini waijaribu ili waizoee. Wangeweza kuijaribu makwao, mmoja mmoja. Wao walitoka ibadani wakaijaribu uwanjani, wote pamoja. Nilisimama mlangoni nikaona simu zimetandazwa kwenye nyasi, juu ya Biblia, juu ya kanga, na kila simu inatoa sauti ya mama yangu, na mbele ya kila simu mtu ameinama anapiga makofi. Mwakeye zilikuwa zinatoka kila upande, hazilingani, moja inaanza nyingine inamaliza. Mama mwenyewe alikuwa katikati ya uwanja, anageuka huku na huku, anawaitikia watu ambao walikuwa wanamwitikia yeye. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Halafu simu zote zikanyamaza kwa pamoja.

Msimamizi naye ana kikomo. Wahudumu wakimfia wengi mno kwa muda mfupi, anahesabu kwamba tatizo ni kubwa kuliko yeye, anajiua, na kumwachia aliye juu yake. Wa juu naye akajaribu, akashindwa, akafa. Wakaporomoka hivyo mpaka kileleni. Laini nzima ilizimika kwa kuzidiwa na heshima. Mwenzangu alikuja mbio kutoka kwenye kiti chake cha kwaya, akafungua kompyuta juu ya ngazi za kanisa, akaniangalia kwa uso uliofiwa.

"Hata ule wa juu kabisa amechoka," akasema.

Uwanjani watu walikuwa wanaokota simu zao bila wasiwasi wowote. Walidhani mama amemaliza.

Tuliiwasha tena, na kesho yake tukakaa kurekebisha. Niliona kwamba kosa si kufa, ni kufufuka bila kumbukumbu. Mhudumu mpya alikuwa anazaliwa hajui lolote, kwa hiyo anaanza na salamu. Ilitakiwa mazungumzo yahifadhiwe pembeni, mahali ambapo kifo cha mhudumu hakifiki, ili anayezaliwa aulize kwanza: tulikuwa tumefikia wapi? Pia ilitakiwa kuandika kwamba kimya nacho ni jibu. Mwenzangu alikubali yote, ingawa lile la kimya lilimuuma kama kusaliti dini. Aliyegoma ni mama. Nilikuwa nimemleta ofisini arekodi maneno mapya, "Tunaendelea tulipoishia," naye akasema hayo si maneno ya mtu. Mtu akitoka na kurudi anasalimia.

"Hujatoka, mama. Umekufa na kufufuka."

"Sasa mtu amefufuka, asisalimie?"

Simu zetu zote za mkononi zilikuwa zimezimwa, nilihakikisha mwenyewe, ili zisilie katikati ya kurekodi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nikageuka kwenye kioo kumpumzisha mama na hasira zangu, nikaona mstari mwekundu. Makere. Pembeni yake jina la mdogo wangu.

Ukageuka kijani, ukawa mwekundu, kijani tena. Mhudumu wake alikuwa anakufa na kufufuka, na mdogo wangu hakuwa anabonyeza.  Nilianza kukipigia kelele kioo, "Bonyeza moja! Bonyeza moja, wewe!" kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Nilimwona akilini mwangu yuko barabarani, ameweka simu chini, anapiga makofi huku uchungu unamkata. Nilimwambia mama kwa sauti ambayo sijawahi kumwambia nayo kwamba salamu zake zitatuulia mtoto wa pili. Nilisema hivyo hivyo. Mama alisimama, akashika kiti.

Mwenzangu hakupiga kelele. Lugha yake ina jambo moja ambalo alikuwa amenisifia tangu zamani nikaliona la mbwembwe: unaweza kubadilisha programu huku inakwenda, bila kumkatia mtu yeyote simu. Aliandika haraka, akibinya midomo, kwamba mhudumu atakayezaliwa sasa kwa ajili ya Makere asisalimie, amuunganishe mpigaji na simu ya majaribio iliyo hapa mezani, ambayo namba yake hatukumpa mtu. Akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa kioo, ambako mimi kwa wazimu wangu sikuwa nimeangalia. Bajaji ya Makere ilikuwa imeshaitwa. Dereva alikuwa njiani.

"Ameshaita, dada. Simu ya kwanza alibonyeza. Hii ni simu ingine."

Simu ya mezani ikalia. Niliifungulia sauti kubwa. Tukamsikia mdogo wangu anahema, na katikati ya kuhema anasema, "Nzuri, mama. Ya nyumbani nzuri," anajibu salamu iliyokuwa imeshakwisha.

Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, ni mimi. Uko wapi?"

 Mdogo wangu akauliza kwa sauti yenye hofu kubwa kuliko ya uchungu wenyewe:

"Mama? Mbona husalimii? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Hema. Uko na nani?"

Hakuwa na mtu. Jirani yake alikuwa amekimbia shambani kumwita shemeji yangu. Mama akamwambia ahesabu pumzi, akamwambia akae juu ya kitenge, akamwambia mambo ambayo sikuyaelewa na mwenzangu akatazama dirishani. Hakuuliza ng'ombe, hakuuliza mvua. Sauti ilikuwa ile ile tuliyoirekodi.

Mwishowe tukasikia bajaji inafika na kuzima injini. Tukasikia hatua za dereva tunayemfahamu, mtu mzima, Muha wa huko huko Makere. Na tukasikia, kwenye simu, ofisini kwetu Kasulu, makofi. Pa, pa, pa, ya taratibu, ya mtu aliyekunja viganja vizuri. "Mwakeye, mama," akasema dereva.

Mama yangu alipiga ukelele mpaka mwenye duka akaja kuuliza.

"Mpakie! Mpakie, we mwanamume! Mtasalimiana hospitali!"

Mtoto wa kike alizaliwa mchana huo, kitandani, mikononi mwa wakunga, analia kwa hasira ambazo wote walisema zimetoka kwangu. Nililia pia, sina sababu ya kuficha. Jioni walipotuachia kuingia wodini, nilimwomba mama msamaha wa maneno yangu, akapokea kwa kunitaka kwanza nimsalimie mgonjwa wa kitanda cha jirani. Nilimsalimia, yote, hadi mvua.

Kisha nikainama kwa mdogo wangu nikamuuliza kwa nini alipiga tena, wakati alishabonyeza na bajaji ilishaitwa, na kwa nini safari hiyo hakubonyeza kitu.

Alikuwa amechoka, anamwangalia mtoto.

"Simu zenu zote zilikuwa zimezimwa," akasema. "Niliogopa, dada. Nikakumbuka kule kwenye laini, nisipobonyeza chochote, mama anarudi."